Betri Iliyoamka Baridi

Kila jioni, akisharudi kutoka chuo cha Kurani na kabla hajapeleka ndoo bombani, Mahfudha alikuwa na kazi moja ambayo hakutaka mtu mwingine aiguse. Alitandika gunia ukumbini, akatoa vyombo vya baba yake kisandukuni kimoja kimoja, akavifuta kwa kitambaa kilicholowa mafuta ya nazi. Msumeno, randa, patasi, tezo, nyundo. Kitambaa kilipita juu, kikapita chini, kikaingia hata kwenye pembe ambazo mtu mvivu angeziruka.

"Hewa ya Malindi ina chumvi," baba yake, fundi Mahadhi, alikuwa amemfundisha. "Chuma ukikinyima mafuta leo, kesho utakuta kutu imeshakila. Kila chuma, mwanangu. Usibague."

Naye hakubagua. Mahfudha alikuwa na miaka kumi na miwili, na mtaa mzima wa Barani ulijua kwamba msumeno wa fundi Mahadhi, uliomzidi bintiye umri, uling'aa kama umetoka dukani jana.

Mwaka huo wa 1987 kisanduku kilipata mgeni. Ami yake Mahdi, ambaye alikuwa baharia, alirudi kutoka Uarabuni na zawadi kwa nduguye: keekee ya betri. Haikuwa na mpini wa kuzungushwa kwa mkono kama keekee ya zamani, wala waya wa kuchomekwa ukutani. Ulibonyeza kitufe, ikanguruma, ubao ukatoboka.

"Keekee haina mkia!" alishangaa Mbaruk, mtoto wa jirani aliyesoma darasa moja na Mahfudha. "Ami Mahadhi, umeme unaingilia wapi?"

"Umo humu tumboni mwake," fundi alijibu, akaigonga betri iliyokuwa na ukubwa wa kipande cha sabuni ya kufulia. "Usiku inakula, mchana inafanya kazi. Kama wewe, Mbaruk, ila yenyewe inafanya kazi kweli."

Watu walicheka, Mbaruk naye akacheka. Kisha fundi akakunja uso, akawaambia watoto wote wawili masharti ya chombo kile. Kabla ya kubadilisha ncha ya kutobolea, betri hutolewa kwanza, keekee isije ikazunguka vidole vikiwa mdomoni mwake. Mtu haishiki akiwa na leso inayoning'inia au nywele zisizofungwa. Na betri haiachwi juani wala juu ya bati la moto.

Jioni fundi aliiweka betri kwenye chaja ukumbini, taa ndogo nyekundu ikawaka. Alfajiri Mahfudha ndiye aliyeitoa. Ilikuwa na joto mkononi, kama yai lililotolewa sasa hivi chini ya kuku. Alipenda lile joto. Na kwa kuwa keekee sasa ilikuwa chombo kama vyombo vingine, jioni nayo aliipitishia kitambaa chake cha mafuta, kila chuma, bila kubagua.

Siku chache baadaye fundi Mahadhi alipata kazi Gede. Mzee Lewa alikuwa amejenga nyumba mpya, na binti yake Mapenzi alikuwa aolewe Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Mzee alitaka milango, madirisha na lango la ua viwe mahali pake kabla wageni hawajafika. Mbao zilikuwa za mbambakofi, ngumu kama jiwe, na umeme haukuwa umefika upande ule. Kwa keekee ya mkono kazi ile ingemvunja mtu mgongo. Kwa keekee ya betri, fundi alisema, ni mchezo.

Mwanzoni kweli ilikuwa mchezo. Halafu siku moja fundi alirudi amenuna.

"Imekata pumzi adhuhuri," alisema.

Siku ya pili yake ikakata pumzi mapema zaidi. Baada ya hapo ikatoboa mashimo mawili matatu, ikalia kama paka mgonjwa, ikanyamaza. Taa nyekundu ya chaja ilikuwa imewaka usiku kucha. Wote walikuwa wameiona.

"Betri imekula usiku mzima, asubuhi ina njaa," fundi alisema, akiigeuzageuza mkononi. "Basi kuna mtu anayekula chakula chake."

Bibi Jaha, mama yake fundi, alikuwa akichambua mchele barazani. Hakuinua macho. "Nyumba hii ina watu wanne," alisema polepole. "Watatu ni damu moja."

Macho ya wote yalikwenda uani, kwenye chumba cha mpangaji.

Mpangaji yule aliitwa Idah. Alitoka Ukambani, akaja Malindi na cherehani yake kutafuta riziki, na huu ulikuwa mwaka wake wa kwanza katika chumba kile. Alikuwa mtu wa maneno machache. Chumba chake hakikuwa na umeme. Alishona mchana mlangoni, akilifuata jua. Ndiye aliyemshonea Mahfudha sare ya shule, tena akampa kipande cha uzi wa kijani ajifunzie kupiga pindo. Lakini tangu jioni ile Mahfudha alianza kumtazama kwa jicho jingine. Mbona mlango wake hufungwa mapema? Mbona hupita ukumbini bila viatu?

"Hupita bila viatu kwa sababu Bibi yako humgombeza akiingiza mchanga," Mbaruk alisema walipokuwa wakirudi kutoka shuleni. Kisha akasimama, akajigonga kipaji cha uso. "Ngoja! Redio yake! Si alikwambia betri za redio zimekwisha, na hana za kununua?"

"Alisema."

"Sasa jana jioni nani alikuwa akiimba chumbani mwake? Panya?"

Ni kweli. Redio ya dada Idah ilikuwa kimya kwa muda, na sasa ilikuwa ikiimba tena kila jioni, na ilianza kuimba siku zile zile keekee ilipoanza kufa.

"Anaunyonya umeme wa betri yenu anautia kwenye redio," Mbaruk alisema kama polisi aliyemaliza kesi. "Hesabu rahisi."

Jioni hiyo Mahfudha alijibanza nyuma ya mlango wa jikoni. Baba alikuwa ameshaiweka betri kwenye chaja, akaenda msikitini. Bibi alikuwa kwenye mswala. Akamwona Idah akitoka chumbani, akitazama kulia, akitazama kushoto. Idah akaenda hadi kwenye kibanda cha kuku, akaokota kitu juu ya paa la bati, akakifunika kwa ncha ya leso, akarudi ndani haraka. Muda si muda, redio ikaanza kuimba.

Baba aliporudi, Mahfudha alimngojea mlangoni.

"Baba, nimemwona dada Idah."

"Umemwona akifanya nini?"

Hapo ndipo ulimi ulipoteleza. Alikuwa ameona leso iliyofunika kitu, karibu na kuku. Lakini maneno hayo yalionekana madogo mno mbele ya uso wa baba yake uliochoka. Akayaongeza nyama.

"Ametoka ukumbini na betri yetu. Ameificha ndani ya leso. Halafu akairudisha."

"Una hakika, Mahfudha?"

Akaitikia kwa kichwa. Kichwa kilikuwa chepesi kudanganya kuliko mdomo.

"Haya. Kesho nikirudi nitasema naye. Mtu asiyeaminika hatalala kwenye ua wangu."

Mahfudha alitaka ushahidi wa kuyatia nguvu maneno yake. Kabla ya kulala alichukua ule uzi wa kijani, akauzungusha kwenye betri pamoja na chaja yake, akaufunga fundo dogo. Yeyote atakayeitoa betri atalazimika kuukata. Asubuhi atamwonyesha baba uzi uliokatwa, na mambo yatakwisha.

Alfajiri alikimbilia ukumbini. Taa nyekundu ilikuwa ikiwaka. Uzi ulikuwa pale pale, na fundo lake lile lile. Akaukata mwenyewe kwa meno, akaitoa betri. Ilikuwa baridi. Akaipachika kwenye keekee, akabonyeza kitufe. Keekee ikagugumia mara moja, ikanyamaza.

Mahfudha alisimama na ule uzi mkononi. Hakuna mtu aliyeigusa betri usiku ule. Hakuna kabisa. Akasikia hatua za baba zikija, akausokota uzi, akausukuma mfukoni mwa sare.

"Imekufa tena?" baba aliuliza.

"Imekufa, baba."

Na hakusema zaidi.

Shuleni siku hiyo mwalimu alimwita jina mara mbili bila kujibiwa. Uzi haukuwa na uzito wowote, lakini mfuko ulimlemea. Alijiambia kwamba pengine Idah ana dawa ya kufungua mafundo. Alijiambia kwamba baba atasahau. Baba hakusahau. Aliporudi kutoka Gede, akiwa na malengelenge viganjani kwa keekee ya mkono, alikwenda moja kwa moja hadi mlangoni kwa mpangaji. Mahfudha alisikia yote kutoka jikoni.

"Mzee," ilikuwa sauti ya Idah, "mimi nina cherehani na redio. Hiyo kitu yako hata sijui inafunguliwa upande gani. Nani ameniona?"

"Umeonwa. Inatosha. Mwisho wa mwezi utafute chumba kingine."

"Mwisho wa mwezi si ni hii wiki?"

"Ni wiki hii."

Halafu Idah akasema tu, "Sawa, mzee." Hakulia wala hakupiga kelele, na hilo lilikuwa baya kuliko kelele.

Muda mfupi baadaye sauti ile ile iliita. "Mahfudha! Njoo kidogo."

Miguu haikutaka, lakini mtoto hakatai akiitwa na mkubwa. Chumbani Idah alikuwa ameanza kuzikunja nguo zake ndani ya katoni. Juu ya cherehani palikuwa na gauni la Mahfudha la Idi, limebaki pindo la mkono mmoja.

"Nitalimaliza leo," Idah alisema. "Nisije nikahama na nguo yako, mseme na hiyo nimeiba. Shika hapa, nivute uzi."

Mahfudha alishika. Macho yake yalipita kwenye kigoda, akaziona betri nne za redio zimepangwa mstari, ngozi zake zimebabuka, moja ina alama za meno. Ilikuwa wazi kwamba ni za zamani.

"Unaziangalia hizo?" Idah alicheka bila furaha. "Ni zile zile. Naziweka juani juu ya banda la kuku mchana kutwa, jioni zinaimba kidogo. Tena moja nimeiuma, kama alivyonifundisha mama yangu. Naziokota kwa kujificha, kwa sababu nikionekana, watu wataniita mtu wa kuanika betri. Kumbe kuna jina baya kuliko hilo."

Gauni likamponyoka Mahfudha mikononi.

"Dada Idah..." alisema. Akageuka, akatoka mbio.

Baba alikuwa barazani akipaka viganja vyake mafuta, Bibi Jaha kando yake. Mahfudha alipiga magoti, akautoa uzi mfukoni, akauweka mbele yao.

"Baba, nimekudanganya. Sikumwona akitoka ukumbini. Nilimwona kwenye kibanda cha kuku tu, na zile zilikuwa betri zake za redio alizokuwa ameanika. Na usiku niliifunga betri kwa uzi huu. Asubuhi uzi ulikuwa mzima na betri imekufa. Nilijua si yeye. Nilijua tangu asubuhi, nikanyamaza."

Bibi Jaha aliacha kutafuna tambuu. Fundi Mahadhi aliuokota uzi ule. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ya chini.

"Mimi nimemfukuza mtu kwa neno lako."

"Ndiyo, baba."

"Nilikuuliza kama una hakika."

"Uliniuliza, baba."

Fundi alishusha pumzi, akausokota uzi kidoleni. "Tutakwenda kwake. Lakini nataka nikienda, niende na ukweli wote, si nusu. Kama hakuna aliyeigusa betri, umeme unakwenda wapi? Lete hapa. Na chaja. Izime kwanza, uichomoe ukutani."

Mahfudha alileta. Alipompa baba betri, alikumbuka jambo. "Baba, zamani ilikuwa inaamka na joto. Siku hizi inaamka baridi."

"Baridi?" Fundi aliinua macho. "Tangu lini?"

"Tangu ilipoanza kufa."

"Betri inayokula hupata joto. Ikiwa baridi, haikula." Akaigeuza juu chini. Kwenye kichwa chake palikuwa na vibati viwili vidogo, mahali betri inapogusana na chaja. Vilipaswa kuwa vyeupe. Vilikuwa vya rangi ya kahawia. Akakwaruza kwa ukucha, na utando mzito ukatoka, unanata kama gundi. Akaunusa. "Mafuta ya nazi. Na unga wa mbao umeganda humo. Nani anayetia mafuta huku?"

Mahfudha alihisi uso ukimwaka. "Mimi, baba. Kila jioni. Na kwenye chaja pia. Ulisema kila chuma, nisibague."

Bibi Jaha alijishika mdomo. "Ya Rabi! Mwizi wetu ni kitambaa!"

"Umeme haupiti kwenye mafuta," fundi alisema. "Ile taa nyekundu ilituambia kwamba umeme umefika kwenye chaja, basi. Haikutuambia kwamba umeingia kwenye betri. Sisi ndio tuliojiambia."

Alivifuta vile vibati kwa kitambaa kikavu, akavipitishia msasa laini mara chache mpaka vikang'aa, akafanya hivyo hivyo ndani ya chaja. Aliikung'uta keekee, akauondoa unga wa mbao kwenye matundu yake kwa brashi ya rangi iliyokauka. Kisha akairudisha betri mahali pake, taa ikawaka kama kawaida.

"Sasa hatuamini taa," alisema. "Tunangoja."

Waliketi wakingoja. Adhana ya isha ilipolia, Mahfudha aliweka kiganja juu ya betri. Ilikuwa imeanza kupata joto.

Walipokwisha kusali, wote watatu walikwenda uani. Idah alikuwa mlangoni, katoni yake imeshafungwa kamba.

"Bi Idah," fundi Mahadhi alisema, "nimekukosea. Nimekuhukumu bila kukusikiliza. Kosa lilikuwa ndani ya nyumba yangu, kwenye mikono ya watu wangu. Chumba ni chako kama utakitaka. Nakuomba radhi."

Mahfudha alisogea mbele, na akayasema mwenyewe, neno kwa neno: alichokiona, alichokiongeza na alichokificha. Hakusema "tulidhani". Alisema "nilidanganya". Idah alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akautazama uzi wa kijani kidoleni mwa fundi.

"Huo uzi si ni wangu?"

"Ni wako, dada."

"Basi uzi wangu umenitetea siku nzima ukiwa mfukoni mwako." Akaigeukia katoni yake. Mahfudha alidhani ataichukua ile katoni aondoke. "Nitakaa," Idah akasema hatimaye. "Lakini wewe ndiye utakayeanika betri zangu kila asubuhi na kuzianua kila jioni. Juu ya bati, mchana kweupe, watu wakiona. Na mtu akiuliza, utamjibu wewe."

"Ndiyo, dada."

Bibi Jaha alikohoa, akamsogezea Idah sahani ya wali wa nazi iliyofunikwa kawa. "Na mimi nilisema neno baya la damu," alinong'ona. "Kula, mwanangu. Lisamehe na hilo."

Wakirudi ukumbini, baba alimshika Mahfudha bega.

"Msumeno unataka mafuta. Betri inataka ukavu. Ni kosa langu kwamba nilikwambia usibague, maana kila chombo kina adabu yake, na fundi huuliza kwanza. Hilo la mafuta ni la kutojua, na asiyejua hufundishwa. Lakini la ulimi ulilijua." Akamfunga ule uzi kwenye kifundo cha mkono. "Taa iliwaka tukadhani betri inajaa. Redio iliimba tukadhani mtu ameiba. Mara zote mbili hakuna aliyetia mkono akagusa. Usimshuhudie mtu kwa jambo ulilolidhani, mwanangu. Na ukishaujua ukweli, usiulaze mfukoni hata siku moja, kwa sababu mwenzako atalala nje."

Alfajiri Mahfudha aliamka kabla ya jogoo wa kibanda cha uani. Taa nyekundu ilikuwa ikiwaka. Hakuiangalia mara mbili. Alinyoosha mkono, akaishika betri.

Ilikuwa na joto kama yai.

Milango ya Mzee Lewa ilisimama kabla ya Jumamosi, lango la ua nalo likapata bawaba zake. Na huko Barani, asubuhi ya siku hiyo, Mbaruk alipita uani akamkuta Mahfudha juu ya kiti, akizipanga betri nne zilizobabuka juu ya paa la kibanda cha kuku.

"Ee!" aliita kwa kejeli. "Siku hizi wewe ni mwanika betri?"

"Ndiyo," Mahfudha alijibu kwa sauti ambayo hata wa nyumba ya pili waliisikia. "Ni za dada Idah. Na wewe, ile hesabu yako rahisi, njoo umweleze mwenyewe. Yuko ndani, anakungoja."